Tuta moja kwanza: nilivyorudi bustanini baada ya kufiwa na mume

Bustani yetu ipo Bigwa, nje kidogo ya mji wa Morogoro, mwendo wa dakika 10 kwa miguu kutoka nyumbani. Ni robo eka inayoteremka. Juu imepakana na migomba ya mzee mmoja jirani, na chini kuna kisima kifupi alichokichimba baba watoto mwenyewe na vijana wawili. Kwa miaka 11 tuligawana hivi: yeye nyanya, hoho, kabichi na sukuma wiki, mimi mchicha, chainizi, matembele na kupeleka sokoni. Alipofariki mwanzoni mwa Februari 2022, kiharusi kikiwa kimemlaza siku nne tu, nilijikuta naijua nusu ya bustani. Nusu nyingine alikwenda nayo.

Wajane wenzangu na wagane wenye shamba, bustani au mradi wowote ulioachwa na mwenza, nawaeleza nilipokosea ili ninyi msipite huko huko. Mimi kurudi kumenichukua zaidi ya mwaka, na sehemu kubwa ya muda huo niliipoteza kwa sababu sikutaka kusaidiwa.

Nilikaa eda miezi minne na siku 10 kama ilivyo kwetu Waislamu. Wiki ya pili, mzee wa migomba alikuja kunipa pole, akasimama nje ya mlango. Nilimwamkia kutoka ndani, akaitikia, kisha akasema, "Mwanangu, ile sukuma ya marehemu bado inazaa. Niruhusu niwe naiangalia, hata palizi tu, mpaka utakapotoka." Nikamjibu, "Acha tu baba, nitakuja mwenyewe." Hakusema neno lingine. Nilikuwa nawaza kwamba mkono wa mtu mwingine ukigusa matuta yale, alama za mikono ya mume wangu zitafutika. Sukuma ile ilizeeka bila kuchumwa, na pesa ambayo ingelisha watoto miezi ile ikaozea mtini. Kama una msiba leo na kuna jirani anayejitolea kushika jembe lako, mwachie. Mkubaliane nusu kwa nusu, au ale mboga yote, mradi ardhi isilale.

Masika ya mwaka ule yalinikuta ndani. Nilitoka eda katikati ya Juni, na siku ya pili asubuhi nikaenda bustanini peke yangu. Hilo nalo lilikuwa kosa. Nilipofika kwenye lango la fito nilikuta mabuti yake bado yamechomekwa juu ya miti miwili, soli juu, alivyokuwa akiyakausha. Ndani ya buti moja nyigu walikuwa wamejenga. Sikuingia. Nilikaa chini pale langoni mpaka adhuhuri, na nilipoinuka miguu ilikuwa imekufa ganzi. Nenda na mtu siku ya kwanza. Asiwe mtu wa maneno mengi, awe wa kukaa karibu tu. Mimi mara ya pili nilikwenda na wifi yangu, dada yake marehemu, naye ndiye aliyeyatoa yale mabuti, akawafukuza nyigu kwa moshi, akayafunga kwenye kiroba. Hatukusema kitu. Tuliingia.

Nilichokiona ndani ni ndago. Robo eka nzima, kijani kibichi, imelala kama zulia. Hapa na pale vijiti vya nyanya vimesimama bila nyanya. Nikaingiwa na hasira, na kwa hasira ile nikatoa uamuzi wa kijinga kuliko yote: kurudisha kila kitu kama kilivyokuwa, tena haraka, kabla mwezi haujaisha.

Nilikopa shilingi 100,000 kwenye kikoba chetu cha akina mama. Nikaweka vibarua wawili, shilingi 40,000, wakalima karibu eneo lote kwa jembe la mkono. Siku tatu bustani ikawa nyeusi, safi, ya kupendeza. Wiki mbili baadaye ndago ilikuwa imerudi, nzito kuliko mwanzo. Ni baadaye ndipo nilipofukua moja taratibu kwa vidole nikaelewa. Chini ya jani lile dogo kuna viazi vyeusi, vikubwa kama punje ya kunde, vimeungana kwa mzizi mwembamba kama shanga kwenye uzi. Vikiwa vimeungana, vingi vyao hulala. Jembe likipita na kukata uzi, kila kiazi kinaamka na kuchipua kivyake. Mimi nililipa watu wanipandie ndago.

Kuna jambo jingine nililopaswa kulimaliza kabla ya kutoa hata shilingi moja, nalo ni mirathi. Robo eka ile iliandikwa jina la mume wangu, na ukoo ulikuwa haujakaa. Bahati yangu wakwe zangu ni watu wa kusikilizana, na wifi alilisukuma jambo lile mpaka kikao kikafanyika. Lakini nimeona mwenzangu mmoja akilima msimu mzima, kisha mavuno yakagombaniwa. Tafuteni cheti cha kifo mapema, ukoo ukae, muhtasari wa kikao uandikwe, na anayependekezwa kuwa msimamizi wa mirathi aende Mahakama ya Mwanzo kuthibitishwa. Kunachosha, na moyo haupo huko wakati ule. Lakini mbolea unayotia kwenye ardhi isiyojulikana ni ya nani ni mbolea ya mgogoro.

Turudi kwenye nyanya. Mume wangu alipenda Tanya, mbegu iliyotolewa hapa nchini mwaka 1997, nyanya ngumu isiyopasuka ovyo kwenye tenga. Nilikuta nusu pakiti kwenye kopo lake. Nikatengeneza kitalu, nikasia. Ziliota vizuri ajabu. Na hapo ndipo nilipoziua kwa maji.

Nataka nilieleze hili polepole, kwa sababu nadhani ndilo kosa ambalo mfiwa yeyote anaweza kulifanya. Nilikuwa naamka saa 10 alfajiri, usingizi hakuna. Kitanda ni kikubwa. Nikawa nakwenda bustanini na tochi, nachota maji, namwagilia kitalu. Saa tatu namwagilia tena. Jioni tena. Udongo ulikuwa haujawahi kukauka. Miche haikuhitaji maji yale, mimi ndiye niliyehitaji kitu cha kufanya kwa mikono. Siku moja nikakuta miche imelala upande mmoja, kama imekanyagwa. Nikashika mmoja: shina pale lilipogusana na udongo limekuwa jembamba kama uzi, laini, la kahawia. Ni kinyausi, ugonjwa wa ukungu unaopenda kitalu chenye maji mengi na miche iliyosongamana. Ndani ya siku tano hapakubaki kitu. Zile zilikuwa mbegu zake za mwisho.

Nililia kwa ajili ya kitalu kile kuliko nilivyolia siku ya mazishi. Siku ya mazishi watu walikuwa wengi, mambo mengi, nilikuwa kama nipo mbali. Kwenye kitalu nilikuwa peke yangu.

Kwa anayesia kitalu: mistari iachane sentimita 10 hadi 15, usimwage mbegu kama unalisha kuku. Mwagilia asubuhi, kisha uache uso wa udongo ukauke kidogo kabla ya kumwagilia tena. Chomeka kidole, kikitoka na udongo uliokishika, bado maji yapo. Na kama mikono inawasha kutaka kazi saa 10 alfajiri, ng'oa ndago. Ndago haiharibiki kwa kushughulikiwa mno.

Mwishoni mwa Julai nikanunua miche 300 kwa muuzaji, shilingi 100 kila mmoja. Samadi ya kuku viroba 10, shilingi 25,000, niliyoletewa ikiwa bado inatoa harufu ya kukereketa pua. Nikaitia kwenye mashimo siku ile ile ya kupanda. Majani yaliungua pembeni, miche kama 40 ikafa wiki ya kwanza. Samadi, hasa ya kuku, iache ioze mpaka ipoe na harufu ile iishe, uichanganye na udongo wiki mbili kabla ya kuhamisha miche. Hili nilikuwa nalijua kwa mboga zangu za majani. Kwa nini nililisahau kwenye nyanya? Kwa sababu nilikuwa na haraka, na kwa sababu nilikuwa nasimama mahali pake, navaa kofia yake, nafanya mambo kwa kukisia angefanyaje yeye, huku nikiliacha ninalolijua mwenyewe.

Zilizobaki zilinawiri. Agosti zikawa na maua. Septemba joto lilipoanza kupanda, nikaona jambo la ajabu: saa saba mchana mche mmoja umenyauka, majani bado ya kijani kabisa. Jioni umeinuka. Kesho umenyauka tena, na mwingine pembeni. Nikadhani ni kiu. Nikaongeza maji. Kisha nikadhani ni ukungu, nikanunua dawa ya ukungu ya shilingi 12,000, nikapuliza mara mbili. Mstari mzima ukaenda.

Hatimaye niliona haya, nikamfuata bibi shamba wa kata yetu, binti mdogo kuliko mwanangu wa kwanza. Alikuja siku hiyo hiyo. Hakuangalia majani. Aling'oa mche, akakata shina kwa kisu karibu na mzizi, akaniomba glasi ya maji safi. Akalining'iniza lile shina ncha ikigusa maji. "Tutulie kidogo mama," akasema. Tukatulia. Baada ya dakika chache nyuzi nyeupe zikaanza kushuka kutoka kwenye shina, kama maziwa yanayodondoka taratibu kwenye chai ya rangi. "Huu ni mnyauko bakteria," akaniambia. "Dawa yake hakuna. Nyanya zilikaa hapa hapa na msimu uliopita?" Nikasema ndiyo. Na msimu wa kabla yake. Kumbe mwaka wake wa mwisho mume wangu alikuwa ameanza kulalamika kwamba miche michache inanyauka, nami sikutilia maanani kwa sababu nyanya zilikuwa kazi yake.

Ile glasi bado ninayo. Kipimo hiki hakina gharama, na kingeniokolea dawa na wiki tatu za kumwaga maji bure. Alinieleza kwamba bakteria wale wanakaa kwenye udongo miaka, wanatembea na maji, na jembe, hata na viatu. Kuzidisha maji kulikuwa kunawasambaza. Wagonjwa wang'olewe na mizizi, wachomwe, wasitupwe kwenye mboji. Jembe lioshwe. Na sehemu ile isipandwe nyanya, biringanya, nyanya chungu, hoho, pilipili wala viazi mviringo kwa miaka mitatu kwa uchache, maana wote hao ni ukoo mmoja.

Nikapiga hesabu usiku ule: vibarua 40,000, miche 30,000, samadi 25,000, fito na kamba 15,000, dawa 12,000. Jumla shilingi 122,000. Nilichovuna ni ndoo mbili za nyanya ndogo. Mkopo wa kikoba ulitakiwa kurudi na riba, shilingi 110,000. Niliuza kitenge cha doti mbili nilichokuwa nacho kipya, na mwanangu akaongezea. Nikamwambia wifi kwamba bustani basi, ikodishwe.

Wifi hakunibishia. Alisema tu, "Sawa wifi, lakini twende tukachukue ule mchicha kwanza." Mchicha gani? Kona ya chini karibu na kisima, pale vibarua walipoacha kulima kwa sababu ya mawe, mchicha ulikuwa umejiotea. Mashina yamekomaa, mengine yamenipita kimo, vichwa vimejaa mbegu. Marehemu alikuwa na tabia ya kuacha mashina matano sita yakomae kila msimu, nami nilikuwa namgombeza kwamba yanakula nafasi. Nilisugua kichwa kimoja kiganjani, nikapuliza makapi. Zikabaki mbegu nyeusi zinazong'aa, ndogo kuliko ufuta, kama kijiko kimoja.

Tulizikusanya zikajaa kikombe.

Mwanzoni mwa Novemba, vuli ilipoanza kunyesha, nikalima tuta moja. Upana mita 1 ili mkono ufike katikati bila kukanyaga, urefu mita 5. Hapo hapo kwenye mboga zangu za zamani, mbali na udongo wa nyanya. Ndago niliitoa kwa jembe la meno badala ya jembe la bapa, nikifuata uzi wake na kuuvuta na viazi vyake vyote, nikivianika juu ya bati mpaka vikakauka. Ilinichukua siku nne kwa tuta lile dogo. Nikatia samadi ya ng'ombe iliyooza, madebe mawili. Mbegu nikazichanganya na mchanga mkavu ili zisidondoke kwa wingi mahali pamoja, nikasia kwa mistari, nikafunika kwa udongo kidogo sana. Nyasi kavu juu. Siku ya nne mchicha uliota, nikaziondoa nyasi jioni.

Nilijiwekea sharti la kutogusa sehemu nyingine mpaka tuta hili livunwe. Kila mtu aliyepita aliniuliza mbona pengine ni pori. Nilikuwa naitikia salamu na kuendelea.

Wiki ya nne nikang'oa. Mafungu manane. Bibi shamba nilimpelekea moja, na mzee wa migomba moja. Nilimkuta anakata majani makavu. "Shikamoo baba. Nimekuja kuomba radhi kwa yale ya wakati wa msiba." Akasema, "Marahaba mwanangu. Mimi mama yenu alipoondoka sikuingia kwenye migomba hii mwaka mzima. Nadhani unaikumbuka ilivyokuwa." Nilikuwa siikumbuki. Tulikuwa majirani, na sikuikumbuka.

Yaliyobaki tuliyapika kwa nazi. Tangu Februari nilikuwa nakula kwa kulazimishwa, kila kitu kina ladha ya karatasi. Siku ile nilimaliza sahani, nikaongeza. Binti yangu alikuwa ananiangalia tu.

Baada ya hapo nilikwenda tuta kwa tuta. Sehemu zenye ndago nzito nilizichoka kuchimbua, nikapanda matembele. Marando ya urefu wa sentimita 30, theluthi mbili chini ya udongo, yakipandwa kwa kubanana hufunika ardhi upesi, na ndago haipendi kivuli. Haikuisha, lakini ilinyong'onyea, na wakati huo huo nilikuwa nachuma matembele kila wiki. Sehemu iliyougua nikaweka mahindi na kunde. Deni la kikoba lilikuwa limeshalipwa. Safari hii sikukopa tena, kila tuta lilinunua mbegu za tuta linalofuata. Kama una haja ya pesa ya haraka baada ya msiba, anza na mboga za majani za wiki tatu nne. Nyanya hukaa shambani miezi mitatu na inataka mtu ambaye akili yake imetulia.

Wakati wa kusafisha stoo nilikuta juu ya dari kamba yake ya katani, imezungushwa kwenye vijiti viwili. Ina mafundo, na baadhi ya mafundo yamefungwa vipande vya mfuko wa bluu. Nilikuwa nimeiona mikononi mwake miaka 11 nisiulize. Nilimpelekea mzee, akaivuta mbele yangu chini ya migomba, akapima kwa shubiri. "Fundo tupu ni sentimita 30, hiyo ya chainizi. Lenye bluu ni 60, nyanya na kabichi. Alinionyesha mimi mwenyewe." Basi kumbe vingi nilivyodhani amekwenda navyo vilikuwa vimetawanyika kwa watu: kwa mzee, kwa wifi, kwa kijana aliyemsaidia kuchimba kisima, kwa wale wauza mbegu. Ningeuliza mapema ningevikusanya mapema. Na ninyi ambao wenza wenu wapo, leo jioni waulizeni wanapima kwa nini, mbegu zinawekwa kopo lipi, na ni mstari upi ulionyauka mwaka jana.

Ipo siku bado nafika pale langoni nasimama. Hasa Februari. Siku hizo silimi. Nachuma tu, au nakaa kisimani.

Nyanya nimezirudisha mwaka huu. Nimezipeleka juu kabisa, karibu na migomba, ili maji ya mvua yanayopita kwenye udongo ulioathirika yasizifikie, maana yanateremka. Kitalu nimekisia miche 40 tu, Tanya ile ile, nimenunua pakiti mpya. Namwagilia mara moja asubuhi. Ina majani matano sasa, mashina magumu. Mzee amesema ataniazima mwanawe wa kushika upande wa pili wa kamba. Tumepanga kuihamisha Alhamisi jioni, jua likishapoa.